Nani alikuchagulia fakulte?

Mdogo wangu alinipigia simu Jumapili jioni kutoka Butembo. Yuko L1 agronomi, wiki ya saba ya masomo. Tuliongea juu ya mvua, juu ya bei ya kakao huku Beni, juu ya chumba anachopanga na wenzake wawili. Halafu akanyamaza kidogo, akasema: "Yaya, mi nataka kutoka agronomi." Sijajibu bado, akaongeza haraka: "Lakini usimwambie papa."

Ni lile neno la mwisho lilinikalia kichwani usiku mzima. Kwetu, kubadilisha fakulte kunasemwa kama vile ndoa iliyovunjika, nyuma ya mlango. Mtu hasemi "amebadilisha". Wanasema "alishindwa", ao "anatembeza tu pesa ya wazazi". Mimi mwenyewe nilitoka biomedikali mwaka 2019 nikaingia historia, na mpaka leo kwenye arusi kuna shangazi mmoja anayenitambulisha hivi: "Huyu njo ule alikuwaka anasoma udaktari." Nimemaliza masomo, nafundisha, nimeandika travaye ya mwisho na kuitetea mbele ya juri, lakini kwake mimi ni yule aliyetoka.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, hasa ninyi ma-L1 mnaosoma hapa usiku mkiwa na kitu kama hicho rohoni, acha nifanye kazi niliyosomea. Hii haya imetoka wapi? Na fakulte tunayoogopa kuiacha, nani alituchagulia?

Tuanzie mbali kidogo. Wakati wa Wabelgiji swali lenyewe halikuwako, kwa sababu hakukuwa na cha kuchagua. Mkongomani aliyetaka masomo ya juu alikuwa na seminari kubwa, basi. Lovanium, karibu na Léopoldville, ilifunguliwa mwaka 1954, na chuo kikuu cha serikali cha Elisabethville kikafuata mwaka 1956. Mwaka huohuo wa 1956 Thomas Kanza alimaliza Louvain, Ubelgiji, katika saikolojia na ualimu. Miaka minne baadaye, Julai 1960, Lumumba alimtuma New York kuwa waziri mjumbe wa Kongo kwenye Umoja wa Mataifa. Mwalimu wa saikolojia anaongea mbele ya dunia juu ya jeshi na mipaka! Hakuna aliyemwuliza kama alisomea diplomasia. Nchi ilikuwa na watu wachache sana wenye diplome ya chuo kikuu, na kila mmoja alifanya kazi iliyokuwa mbele yake. Watu wa kizazi kile walibadilisha njia bila kuona haya, maana njia zenyewe zilikuwa zinakatwa siku ileile.

Haya ilikuja baadaye, na mimi naona mwaka 1971 una sehemu yake kubwa.

Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium waliandamana Kinshasa, wanajeshi wakawapiga risasi, wengine wakafa. Miaka miwili baadaye, Juni 1971, wenzao walitaka kuwakumbuka wafu wao. Mobutu akafunga chuo na kuwaingiza wanafunzi jeshini. Tafakari kidogo: umelala ukiwa mwanafunzi wa sheria, umeamka ukiwa askari. Agosti ya mwaka huo vyuo vikuu vitatu vya nchi, pamoja na kile cha Waprotestanti cha Kisangani kilichoanzishwa mwaka 1963, viliunganishwa kuwa kimoja: UNAZA, Université Nationale du Zaïre, chini ya rekta mmoja, Monsinyori Tshibangu. Kisha fakulte zikagawanywa kwenye ramani. Sheria, uchumi na tiba zikabaki Kinshasa. Herufi na sayansi za jamii zikapelekwa Lubumbashi. Saikolojia na elimu ya ualimu zikaenda Kisangani. Walimu nao walihama na fakulte zao. Ndiyo maana Mudimbe, aliyekuwa anafundisha Lovanium, alijikuta Lubumbashi.

Sasa jiweke mahali pa kijana wa Butembo ao wa Beni wa miaka ile. Fakulte haikuwa tu somo, ilikuwa mji. Ukisema historia, umesema Lubumbashi, mwisho mwingine wa nchi. Ukisema sheria, umesema Kinshasa, na Kinshasa hakuna barabara inayokufikisha kutoka kwetu. Ukishafika huko, kubadilisha mawazo maana yake ni kuvuka nchi nzima tena, na tiketi gani, na pesa gani? Wazee wengi waliosoma wakati ule ukiwauliza kwa nini walichagua somo lao wanacheka. "Mutoto yangu," mmoja aliniambia wakati nafanya utafiti wa travaye yangu, "sisi hatukuchagua somo, tulichagua ndege yenye kuwa na fasi." Huyo mzee alimaliza pedagojia kwa sababu Kisangani ndiyo ilikuwa karibu. Amekuwa mwalimu mzuri, lakini mpaka uzee wake anasoma vitabu vya sheria akiwa kitandani.

Kizazi hicho ndicho kilitulea. Kilijifunza kwamba fakulte ni kitu unachopewa, unakishika, hukiachi, maana ukikiacha hakuna kingine. Nafikiri ile "usimwambie papa" ya mdogo wangu ilianzia hapo, kabla yeye hajazaliwa.

UNAZA ilivunjwa mwaka 1981, vikarudi vyuo vikuu vitatu. Kwetu mabadiliko ya kweli yalikuja mwaka 1989, wakati Askofu Emmanuel Kataliko alipoanzisha Université Catholique du Graben. (Graben ni lile bonde kubwa la ufa tunaloliona tukishuka kwenda upande wa Semuliki, wanajiolojia walilipa jina la Kijerumani, nasi tukalipa chuo kikuu.) Tiba, agronomi, mifugo, sheria, uchumi: vitu ambavyo zamani vilihitaji ndege, sasa vilihitaji moto ya mtu mmoja ao miguu. Baadaye vyuo vikaongezeka, Butembo, Beni, Lukanga. Leo kati ya Beni na Butembo, kilometa kama 55, mtoto anaweza kuchagua kati ya milango mingi kuliko ile baba yake aliyoiona katika nchi nzima.

Lakini angalia kilichotokea. Serikali haikuchagua tena, ndege haikuchagua tena. Jamaa ndiyo ilichukua kiti. Chuo kiko karibu na nyumba, na anayelipa ni papa mwenye shamba la kakao, mama mwenye meza ya maharage sokoni, mjomba anayefanya biashara. Anayelipa anachagua, na si kwa ubaya. Familia yetu ilikaa kikao mara mbili kwa ajili yangu. Nilikuwa nimemaliza biokimia kwenye sekondari, egzeta nimepita vizuri, kwa hiyo hesabu ilikuwa fupi: biokimia ni tiba. Hata hiyo biokimia sikuichagua mimi. Nilikuwa na miaka 15, nilifuata rafiki yangu tuliyekaa naye benchi moja.

Nikaingia G1 biomedikali Butembo mwishoni mwa 2018. Waliokuwa huku wanakumbuka ulikuwa wakati gani. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kule Mangina, ikafika Beni, ikateremka Butembo. Kila mlango ulikuwa na ndoo ya maji ya klori. Jeep za Riposti zilikuwa zinapita mbele ya chuo, na sisi, vijana wa blauzi nyeupe zisizo na doa, tulijiona askari wa kesho. Mama alikuwa anawaambia wateja wake: "Wa kwangu anajifunza namna ya kuimaliza hiyo ugonjwa."

Tatizo langu lilianza na swali moja. Huko mtaani watu walikuwa wanakataa timu, wanaficha wagonjwa, wanatupa mawe. Februari 2019 kituo cha matibabu cha Katwa kilishambuliwa tarehe 24, kile cha Butembo tarehe 27. Tarehe 19 Aprili, Ijumaa Kuu, watu wenye silaha waliingia hospitali ya chuo kikuu wakamwua daktari Richard Mouzoko, Mkameruni wa OMS, akiwa kwenye mkutano na wenzake. Nilikuwa nimeuliza kwenye oditware, wiki chache kabla: kwa nini watu wanachukia wale wanaokuja kuwaponya? Nilijibiwa kwamba watu ni wajinga, na kwamba swali si la kozi hii. La pili lilikuwa kweli.

Mimi ni mtoto wa Beni. Nilijua kwamba hao si wajinga. Tangu Oktoba 2014 watu wetu walikuwa wanachinjwa kwenye mashamba na hata mjini. Shamba la papa, upande wa Mbau, hatukuwa tunafika tena. Miaka minne tulilia, jeep hazikuja. Ikaja Ebola, jeep zikajaa. Desemba 2018 wakatuambia kwamba Beni na Butembo hatutapiga kura ya rais pamoja na wengine kwa sababu ya ugonjwa na usalama, na masoko yako wazi na makanisa yamejaa. Tarehe 30 vijana wa Beni wakapanga mistari, wakanawa mikono, wakapiga kura yao wenyewe ya mfano. Ukiyaweka haya yote pamoja, jiwe linalorushwa kwenye jeep haliwi jambo zuri, lakini linaanza kueleweka.

Na kulikuwa na kitu cha zamani zaidi ambacho sikukijua. Koko, mama ya mama, alikuwa anasema: "Muzungu akileta dawa, angalia shamba." Nilifikiri ni uzee. Baadaye tu, nikiwa kwenye historia, nilisoma juu ya kampeni za ugonjwa wa malale wakati wa ukoloni: watu kupangwa mistari na kuchunguzwa shingo, kukatazwa kusafiri bila karatasi ya daktari, wengine kufungiwa mbali na jamaa zao. Nilisoma pia jinsi wakaaji wa bonde la Semuliki walivyoondolewa kwenye ardhi yao, ugonjwa ukitajwa kama sababu, na ardhi ile ikaishia ndani ya mbuga iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la mfalme Albert, hii Virunga ya leo. Koko hakuwa anaota. Alikuwa anatoa kozi ambayo haikuwa kwenye silabusi yangu.

Sasa niseme na upande mwingine, maana hadithi kama hizi zikielezwa na mtu aliyetoka zinakuwa safi kupita kiasi. Nilianguka kemia. Kwenye sesiyo ya kwanza nilipata 7 juu ya 20, na usiku ule nilipoanza kufikiri juu ya historia, sikujua kama nafuata swali langu ao nakimbia kemia. Vyote viwili vinafanana sana saa tano ya usiku. Yaya yangu mkubwa, fundi wa moto ambaye hakumaliza sekondari, ndiye aliniambia neno la maana: "Pita kwanza hiyo kemia. Ukishapita, ukibakia unataka kutoka, basi utoke. Lakini usitoke kama mwizi." Nililala na ile kemia miezi miwili. Kwenye sesiyo ya pili nilipita, si kwa kujivunia, lakini nilipita. Oktoba bado nilitaka kutoka. Hapo ndipo nilikwenda kwa papa.

Papa hakupiga kelele. Aliuliza: "Historia itakupatia nini ya kukula?" Nikasema ualimu. Akasema mwalimu halipwi, na hapo hakukosea. Alikaa karibu miezi mitatu bila kuniongelesha zaidi ya salamu. Mwaka mzima wa fre ulikuwa umekwenda, pesa ya kakao iliyonunuliwa kwa hatari kubwa, na siwezi kusema haukupotea. Ulipotea. Nilianza G1 upya kwenye chuo cha ualimu, na watoto niliowatangulia sekondari.

Rafiki yangu wa benchi alibaki. Yeye pia alikuwa anachoka, yeye pia aliona mambo ya 2019, lakini swali lake lilikuwa lingine: alitaka kujua kwa nini chanjo inashika mwili huu na si ule. Ugonjwa ulitangazwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya watu 3,470 kuugua na 2,287 kufa, na kama si zaidi ya watu 300,000 waliokubali kuchanjwa sijui tungehesabu wangapi. Kwa hiyo siandiki hapa ili kusema historia ilishinda tiba. Yeye alikuwa kwenye oditware yenye swali lake, mimi sikuwa.

Kuna mtu mmoja ambaye namfikiria sana kila mwanafunzi akiniuliza juu ya jambo hili, na si wa kwetu, ni wa jirani. Julius Nyerere alisoma ualimu Makerere kuanzia 1943 mpaka 1945, akarudi Tabora kufundisha, na mojawapo ya masomo aliyofundisha ni biolojia. Mwaka 1949 alikwenda Edinburgh, Uskoti. Alianza huko na masomo mafupi ya kemia na fizikia. Angeendelea hivyo, labda leo tungekuwa tunamtaja kama mwalimu mzuri wa sayansi wa Tabora. Lakini alifanya mtihani wa Kiingereza uliohitajiwa, akaupita, na Oktoba ya mwaka huohuo akapokelewa Fakulte ya Sanaa. Akasoma uchumi wa kisiasa, antropolojia, historia ya Uingereza, sheria ya katiba, falsafa ya maadili. Alimaliza mwaka 1952, akarudi, na miaka miwili baadaye akawa anaongoza TANU.

Watu wanapenda kutaja mwisho wa hadithi hiyo, uhuru na urais. Mimi ninachokipenda ni ule mtihani wa Kiingereza. Mtu wa miaka 27, mwalimu tayari, anakaa tena kwenye benchi kufanya mtihani wa kuingilia ili mlango mwingine ufunguke. Hakuruka. Alijenga daraja, na alilijenga mwanzoni, kabla miezi haijawa miaka. Na tazama, sanaa nayo haikumfunga: alirudi kufundisha, kazi yake ileile.

Leo ninyi mna kitu ambacho sisi hatukuwa nacho. Kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vyetu vimeingia LMD: licence ni miaka 3, master ni 2, mwaka mmoja ni krediti 60. (Wazazi bado hawajaelewa. Papa anafikiri licence ya mdogo wangu ni ile ya zamani ya miaka 5, na hakuna aliye na moyo wa kumweleza.) Kwa kanuni, krediti uliyoipata ni yako, unaweza kuibeba. Kwa vitendo inategemea kozi zinafanana kiasi gani na juri ya kule unakokwenda inasema nini. Kozi za jumla, kama kifaransa, kiingereza, informatike, mbinu za utafiti, zina nafasi nzuri ya kukubaliwa. Botanika haitakusaidia kwenye sheria. Ila tofauti kati ya kwenda kuuliza Novemba na kwenda kuuliza Machi ni kubwa, maana Novemba orodha bado ziko wazi na fre haijamalizika kulipwa. Nenda kwa apariteri ungali na karatasi mkononi, uliza tarehe ya mwisho, uliza kwa maandishi. Na usilipe kitu kwa mtu wa koridoni anayesema "atakupangia". Sisemi ilitokea wapi.

Jumatatu asubuhi nilimpigia mdogo wangu. Sikumwambia abaki, sikumwambia atoke. Nilimwuliza nani alichagua agronomi. Akafikiri. Akasema papa, kwa ajili ya shamba la Mbau, ili siku vita ikiisha kuwe na mtu anayejua kulirudisha. Sikuwa najua hilo. Papa hakuwahi kuniambia kwamba anafikiri shamba litarudi.

Nikamwuliza na wewe unataka kwenda wapi. Akasema informatike. Nikamwuliza kama kuna kozi anayoanguka. Akacheka kidogo, akasema botanika, interro mbili, zote chini ya 10.

"Basi?" nikasema.

"Basi naelewa unachotaka kusema, yaya." Halafu akaniuliza kama naweza kuongea na papa kwanza, yeye aje nyuma. Nikakataa. Nikamwambia nitapanda moto Jumamosi, tutakaa wote watatu, na yeye ndiye ataongea. Hajaamua bado. Leo mchana ana saa mbili za botanika, na amesema atakwenda.